Naomba ushauri: kijiji cha Krismasi, mwanga unavuja kwenye kuta

Habari wakuu. Kijiji kiko juu ya plaiwudi ya sentimita 120 kwa 60: nyumba 9 za kadibodi na kanisa. Kilima ni lile povu jeupe linalofungia TV, limebandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu gundi ya mpira na rangi ya kupuliza hulila hadi likabaki mashimo.

Taa ni LED nyeupe 12: moja kila nyumba, tatu kanisani. Zimeungwa tatu tatu kwa mfululizo, kila kundi na rezista ya omu 150, adapta ya volti 12. Hapo hakuna shida.

Shida ni kuta. Kadibodi inapitisha mwanga, nyumba nzima inang'aa kama fanusi na madirisha hayaonekani. Nipake rangi nyeusi kwa ndani? Rangi ya maji huikunja kadibodi. Foili inazuia mwanga vizuri, lakini miguu ya LED ikiigusa ni shoti.

Pia theluji: pamba inapendeza sana ila hushika moto upesi, na chumvi huvuta unyevu, nyaya zikaota kutu. Mnatumia nini?