Mjadala: Saa za miwani ya uhalisia pepe zihesabiwe kama mazoezi ya bastola?

Fundi Triga (mwanzisha mada)

Wakuu, naomba tulitazame hili bila jazba. Klabu ninayochezea imeletewa pendekezo: mlengaji anayewania nafasi kwenye timu aruhusiwe kutimiza nusu ya saa zake za mazoezi akiwa nyumbani, amevaa miwani ya uhalisia pepe, mkononi ana kishikio chenye umbo la bastola. Programu inaandika saa na matokeo, kocha anaviona. Wanaolitaka wanasema risasi ni ghali, renji iko mbali, na vijana wanashinda na mitambo hiyo hata hivyo. Wanaolipinga wanasema huo ni mchezo wa video uliovalishwa koti.

Nimeitumia wiki sita, kila jioni dakika 30. Niseme mapema nilipo: zisihesabiwe, angalau kwa namna hiyo ya nusu kwa nusu. Na wala sisemi kwamba haifai. Inafaa kuliko nilivyotegemea, na hapo ndipo penye mtego.

Mimi nacheza IPSC, ile ya kukimbizana na saa, ambapo pointi zako zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Zamani nikimaliza shabaha ya kwanza nilikuwa nabaki naitazama nione kama nimepata, ndipo nahamia ya pili. Baada ya wiki sita macho yanatangulia. Yanatua katikati ya shabaha inayofuata, mikono inayafuata yenyewe. Kusoma uwanja nako: nasimama, napanga wapi nitabadilisha magazini ya risasi, wapi nitapunguza mwendo, na nikianza sisahau. Hayo nimeyabeba mpaka renji, hayakudondoka njiani.

Kisha nikapiga risasi za kweli. Mita 7, risasi kumi, taratibu kabisa. Saba zikaenda chini kushoto, zimerundikana kama siafu. Anayetumia mkono wa kulia anajua maana yake: nanyakua triga. Kile kishikio triga yake ni springi laini, haina ule ukuta unaokutana nao kabla bastola haijalia. Wiki sita nzima nakifundisha kidole kupiga kofi, na programu inanipigia makofi.

Karibuni.

Mzee wa Renji

Umejijibu mwenyewe, kijana. Mada ifungwe.

Kavu Kila Siku

Mzee, taratibu basi. Kwa hoja hiyo tungefuta hata kufyatua bila risasi. Nikiwa nyumbani na bastola tupu, nimeikagua mara mbili na risasi ziko chumba kingine, hakuna mlio, bastola hairuki mkononi, hakuna tundu kwenye karatasi. Lakini hujawahi kumwambia mtu kwamba kavu si mazoezi. Ndiko mnakotutuma kila tunapokosea!

Mwaka 2020 renji nyingi duniani zilifungwa, na Marekani risasi zikawa adimu mpaka mwaka uliofuata. Waliokuwa wamezoea kufanya kavu sebuleni hawakuota kutu. Na mkumbukeni Károly Takács, yule Mhangaria. 1938 bomu la mkono lilimharibu mkono wa kulia, ndio aliokuwa anapigia. Akajifunza upya kwa wa kushoto, peke yake, bila kumtangazia mtu. Akachukua dhahabu ya Olimpiki London 1948, akarudia Helsinki 1952, kwenye bastola ya mita 25 ya kasi. Mwili unafundishika penye upungufu. Sioni kwa nini miwani iwe haramu.

Mzee wa Renji

Takács alijifunza kwa bastola. Hakujifunza kwa picha ya bastola.

Kavu unayofanya wewe unashika silaha yako mwenyewe. Uzito ule ule, triga ile ile, vilengeo vile vile. Kinachokosekana ni risasi tu. Kwenye miwani kilichobaki ni nini? Mkono wako na nia njema.

Binti Lenzi

Shikamoo Mzee. Kazi yangu ni macho ya watu, silengi shabaha, ila kaka yangu analenga na hii mada ameniletea yeye. Naomba niweke hesabu, kwa sababu naona mnabishana juu ya kidole na mimi wasiwasi wangu uko juu zaidi.

Miwani ya kawaida ya uhalisia pepe ya sasa inaonyesha pikseli (vinukta vinavyounda picha) kama 25 kwa kila digrii moja ya unachokitazama. Jicho zima linahitaji takriban 60 ili lisione tofauti na dunia halisi. Chukueni bastola ya upepo ya mita 10. Duara la kumi, lile la katikati lenye alama ya juu, lina kipenyo cha milimita 11.5. Kwa umbali ule, hiyo ni chini ya digrii 0.07. Zidisheni: hazifiki pikseli mbili. Doa jeusi lote, la milimita 59.5, ni pikseli nane na nusu hivi. Mchezaji anaombwa alenge kumi wakati kumi yenyewe haimo kwenye picha.

Sasa shabaha ya IPSC ya karatasi. Eneo la A, lile la katikati lenye pointi nyingi, lina upana kama wa sentimita 15. Mita 10 ile ile, linapata pikseli 21 hivi. Hapo picha inatosha kufanyia kazi. Ya kasi ya mita 25, ambayo kumi yake ina milimita 100, iko katikati: pikseli kama sita.

La pili ni umbali wa kukaza jicho. Kwenye bastola ya vilengeo vya chuma mnafundishwa kukaza jicho kwenye kilengeo cha mbele, kiwe kikali, shabaha ibaki na ukungu. Jicho hubadilisha umbo la lenzi yake kufanya hivyo. Ndani ya miwani kila kitu kiko kwenye umbali mmoja uliowekwa kiwandani, unaozidi urefu wa mkono. Kilengeo kikali, shabaha kali, vyote kwa pamoja. Jicho halijifunzi kuchagua. Anayetumia nukta nyekundu, kilengeo cha kioo chenye nukta ya mwanga, hapati shida hiyo sana, maana yeye hutazama shabaha tangu mwanzo.

Kumi ya Ndani

Marahaba kwa niaba ya Mzee, maana najua atasahau 😄

Dada Lenzi amenisemea. Mimi ni wa bastola ya upepo, risasi 60 kwa dakika 75, mkono mmoja, hakuna kukimbia. Kwetu kosa halina pa kujificha. Vilengeo vikiwa vimeachana sentimita 30, kile cha mbele kikipotoka milimita moja tu ndani ya cha nyuma, kwenye karatasi umekosa kwa milimita 33. Kumi imekuwa sita. Milimita moja! Sasa niambieni programu itanionyesha vipi ule mwanga mwembamba wa kulia na wa kushoto wa kilengeo, wakati inababaika kunionyesha kumi yenyewe.

Tazameni kichekesho chake. Bastola ya upepo hairuki mkononi, kwa hiyo ndiyo ingefaa kuigwa kirahisi, lakini picha haitoshi. IPSC picha inatosha, lakini kinachoigwa kinaruka, kinalia, kinatema maganda, na kishikio kinatetemeka kama simu mfukoni. Kila upande umepewa kile usichokihitaji.

Wala msinione adui wa mitambo. Natumia SCATT, kifaa kinachofungwa kwenye mtutu wa bastola yangu na kuchora njia ya mkono wangu kabla, wakati na baada ya kufyatua. Kinaniaibisha kila siku. Tofauti yake ni kwamba kinapima bastola yangu na triga yangu, hakinipi ya kukopa.

Jicho Moja

Kule Paris 2024 si mlimwona Yusuf Dikeç wa Uturuki, miwani ya kawaida, mkono mfukoni, akaondoka na medali ya fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Şevval İlayda Tarhan? Nyie endeleeni kuvaa makompyuta usoni.

Kavu Kila Siku

@Jicho Moja, mkono mfukoni kwenye bastola ya upepo ni jambo la kawaida, wengi wao husimama hivyo. Na yule ana miaka mingi kwenye kazi hii. Picha moja si hoja.

Kama ni Paris, mimi namleta Kim Ye-ji wa Korea Kusini. Medali ya fedha ya mita 10, dunia nzima ikamshangilia. Siku chache baadaye kwenye mita 25, raundi ya kasi, shabaha inafunguka sekunde tatu tu, risasi moja akachelewa, akaandikiwa sifuri, akaishia kwenye mchujo. Mkono alikuwa nao. Vilengeo alikuwa navyo. Kilichomponyoka ni wakati. Na wakati ndio hasa unaoweza kufundishwa kwenye miwani: shabaha inafunguka, unanyanyua, unafyatua, inafunga, mara 200 kwa jioni moja bila kumaliza hata boksi moja la risasi.

Mzee wa Renji

Hapo kidogo umenigusa. Kidogo.

Mwamuzi

Nimekaa kimya nikisoma. Mimi huwa nashika saa nyuma ya wachezaji, na naona mnazunguka jambo ambalo kwangu ndilo la kwanza.

Kwenye IPSC mtutu ukivuka digrii 90 kutoka mbele ya uwanja, unafungasha, unakwenda nyumbani. Kidole kikiingia kwenye triga unapokimbia au unapobadilisha magazini, vivyo hivyo. Hakuna onyo la kwanza. Programu nilizojaribu, ukigeuka na bastola yako ukamwelekezea mtu wa nyuma, mchezo unaendelea tu, kwa sababu hakuna mtu wa nyuma. Mazoea yana taabu, wahenga walisema.

Niwape nilichokiona. Kijana mmoja, mwepesi kupita wote waliokuwapo, alikuja renji na miezi mitatu ya miwani. Kengele inalia, anachomoa, shabaha mbili za kwanza safi. Kuelekea nafasi ya pili anakimbia, mkono wa kulia umekunjwa, mtutu unachungulia begani, kidole kimekaa ndani ya triga kama kimezaliwa humo. Nilipaza sauti. Alisimama, akanitazama kwa mshangao wa kweli, hakuwa na habari kwamba kuna kosa. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Hakuna aliyemfundisha.

Kwa hiyo swali langu kwa wenye pendekezo si saa ngapi. Ni nani atakuwa amesimama nyuma yake katika hizo saa?

Mgeni Mstaarabu

Naomba kuuliza kitu. Pentathloni ya kisasa, ule mchezo wa mitano kwa mmoja wenye kulenga na kukimbia ndani yake, si waliacha risasi kabisa? London 2012 walipiga kwa bastola za leza na Olimpiki haikuanguka. Mbona wao wamekubaliwa?

Kumi ya Ndani

Swali zuri. Wao wamehamisha mashindano yenyewe. Unafanya mazoezi kwa leza, unashindana kwa leza, bastola ile ile, shabaha ya kweli mita 10, mapafu yanawaka moto kwa mbio. Hakuna pengo la kuvuka. Siku watakapoandaa mashindano ya bastola ndani ya miwani, saa za miwani zihesabiwe zote, hata mimi nitapiga kura.

Kavu Kila Siku

Sawa, nimesogea. Lakini kuna jambo hamjalijibu. Kuna mtu anayepata renji mara moja kwa mwezi. Mkimwambia miwani haihesabiwi, hataongeza safari za renji. Atakaa tu kwenye kochi.

Fundi Triga

Mkuu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizopita, na mimi mwenyewe ni mmoja wa hao. Siwezi kukujibu kwa kejeli.

Ninachokiona ni kwamba tumelazimishwa kuhesabu kitu kibaya. Saa ni saa, hazisemi nilichojifunza. Nilipomaliza wiki sita zangu karatasi ya programu ilionyesha nimepanda kila wiki bila kukosa, na kidole changu kilikuwa kinashuka kila wiki bila kukosa. Kocha aliyeona ile karatasi angenipa nafasi kwenye timu. Wala asingekuwa mjinga, ndicho alichoonyeshwa.

Kuna na hili la kuoanisha vilengeo ambalo sikulisema. Kishikio changu kilikuwa kimekaa tofauti na bastola yangu kwa pembe ndogo, sidhani ilizidi digrii moja. Digrii moja kwa mita 10 ni sentimita 17 na nusu. Programu inakuruhusu kurekebisha, na nilirekebisha, ila nilirekebisha nikiwa tayari nimezoea kunyanyua vibaya. Bastola ya kweli nikiichomoa, kilengeo cha mbele kinakuja juu, nakitafuta kama mtu aliyepoteza funguo gizani.

Nilichofanya baada ya hapo: triga ya miwani siigusi tena. Navaa, natembea uwanja, nahamisha macho, napanga njia, basi. Kufyatua nafanya kavu kwa bastola yangu, dakika kumi ukutani, sarafu juu ya mtutu, isidondoke. Kila kimoja na kazi yake. Risasi zangu zimeanza kupanda kutoka chini kushoto, bado hazijafika.

Pendekezo ningelirudisha kwa wenyewe hivi: acheni saa. Mtu aje renji, baridi, bila kupasha moto, apimwe. Alifanyia wapi mazoezi ni siri yake.

Mzee wa Renji

Na nani atampima huyo Kavu? Maana anaongea sana.

Kavu Kila Siku

Nipo Mzee. Na miwani yangu nakuja nayo, uvae wewe.

Mwamuzi

Jumamosi saa tatu asubuhi, wote wawili. Fundi naye. Magazini nitawajazia mimi, risasi za kweli na za bandia nimezichanganya, msitazame. Ya bandia ikifika na mtutu ukainama, tutajua bila kuuliza mtu alikuwa anafanya nini jioni.