Mrejesho: Kamera imefika mwisho wa utumbo wa mama

Habari zenu. Mwezi uliopita niliwauliza tufanyeje baada ya kolonoskopi ya mama (kipimo cha kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana kupitia njia ya haja kubwa) kukwama nusu njia huku Kisumu. Ameshapasuliwa tumbo mara mbili, na makovu ya ndani yameufanya utumbo ushikamane na kujikunja.

Tulipanda basi la usiku hadi Nairobi, akapimwa tena kwa kamera yenye puto. Daktari alinichorea nyuma ya bahasha: bomba laini huvishwa juu ya kamera, na puto liko kwenye ncha ya bomba. Likijazwa hewa linashika ukuta wa utumbo, bomba linavutwa nyuma taratibu, na utumbo unajikusanya kama mkono wa sweta uliopandishwa hadi kwenye kiwiko. Mikunjo ikinyooka, kamera inasonga. Puto linatolewa hewa, wanarudia.

Safari hii walifika hadi karibu na kidoletumbo, kule ndani kabisa utumbo mpana unakoishia. Walikuta kinyama kimoja kilichoota kwenye ukuta wa utumbo, wakakikata papo hapo. Majibu ya maabara: si saratani! Nililia pale pale koridoni.

Kilichomtesa mama ni dawa ya kusafisha tumbo, lita 4, akiinywa amefumba macho. Asanteni sana mlioniambia nidai ripoti ya kipimo cha kwanza. Ndiyo daktari aliyoiulizia kabla hata hatujakaa.