Fundi katoboa ringi ya baiskeli yangu kwa drili halafu eti "bosi, nimekuboreshea"!

Kanyaga_Twende:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Yule fundi mnamjua. Msiniulize yupi. Yule wa mwavuli uliopauka na redio ya mpira, anayejiita daktari, ambaye tangu Mwalimu yuko Ikulu hajawahi kutamka "hii siiwezi". Huyo huyo.

Nimempelekea rodi yangu, baiskeli ya mbio, abadili tairi na tyubu ya nyuma. Basi! Tairi nimenunua mwenyewe, 700x25, ubavuni imeandikwa 25-622, yaani unene milimita 25, kipenyo cha pale inapokaa kwenye ringi milimita 622. Tyubu mpya, ya valvu nyembamba, ile unalegeza kikoki cha juu ndipo ujaze upepo. Nimemkabidhi mkononi, nikavuka barabara kupata supu.

Narudi nakuta jamaa kakalia ndoo, ringi kaibana kwa magoti, DRILI inanguruma, unga wa alumini unamwagikia ndala zake. Kaniangalia na tabasamu la mtu anayesubiri asante: "Bosi, nimekuboreshea."

UMENI-NINI?

Eti kitundu kilikuwa kidogo. Si ndivyo kilivyotengenezwa, mzee! Valvu ya milimita 6, tundu la milimita 6 na nusu, hesabu ya darasa la pili. Yeye kalipanua ipite valvu nene kama ya gari, ya tyubu aliyoitoa kwenye boksi lake. Ringi yenyewe nyembamba, shina la valvu limejaa pale katikati hadi waya wa tairi hauwezi kushuka ukakaa. Sasa tairi ina nundu. Nikizungusha gurudumu linaruka, na chembe za alumini zimebaki ndani ya ringi zinacheza cha-cha-cha.

Tyubu yangu je? "Ile haifai bosi, ni ya Kichina." Ya kwake imetoka Uswisi, nadhani.

Upepo kapima kwa kidole gumba. Tairi ya 25 kwa uzito wangu inataka psi 90, yeye kabonyeza, kasikiliza redio kidogo, kasema inatosha.

Halafu akadai elfu tatu YA KUTOBOA. Mbali na ufundi! Nimelipia drili, wakuu. Nimekuboreshea!!!

Spoku_Mbovu:
Uzi bila picha ni umbea. Tupia ringi tuone.

BintiPedali:
😂😂 Nimecheka mpaka bosi wangu kageuka. Ila mkuu, rodi ya mamilioni unamwachia mtu wa mwavuli unakwenda kunywa supu? Ilikuwa ya mbuzi au kuku?

Kanyaga_Twende:
@BintiPedali supu inahusiana nini? MTU KATOBOA RINGI.

MzeeWaPancha:
Afadhali wewe. Mimi huyo huyo nilimwagiza tairi ya 700x28. Kaniletea ya inchi 28 kwa moja na nusu, ya zile baiskeli nyeusi za kubebea mkaa. Namwambia siyo, ananionyesha kidole: "28 hii, 28 hii, unataka nini?" Yangu ni 622, ile ni 635! Milimita 13 nzima inaning'inia. Kalazimisha, kajaza upepo, tyubu ikatoka pembeni kama ulimi wa ng'ombe, ikapasuka. Kituo kizima cha daladala walilala chini.

Spoku_Mbovu:
Hapo kwenye 28 hata wauzaji wa dukani wanachanganya. Ile 28 ya 700x28 ni unene wa tairi kwa milimita. Angalieni namba ya tarakimu tatu tu, 622, mengine ni mapambo. Na ujue tairi ya 29 ya baiskeli ya mlima nayo ni 622, ila jaribu kuipitisha kwenye breki za rodi uone.

Gia_Kumi:
Mleta mada, ringi haijafa kama haijapasuka pale tundu. Kuna kipete kidogo cha kupunguza tundu, unaweka unarudisha tyubu yako nyembamba. Kwanza kung'uta hizo chembe na upitishe msasa ukingoni, la sivyo zitakata tyubu. Halafu kwa barabara zetu, 25 ya nini? Weka 28 kama breki zinaruhusu, ushushe upepo kidogo, kiuno kitakushukuru.

Kanyaga_Twende:
@Gia_Kumi sikuja kuuliza 25 au 28! Nimekuja kusema KATOBOA! Na akasema "nimekuboreshea"!

MwanaBagamoyo:
Wote hamjaonewa. Wangu alipanga spoku upya, gurudumu likatoka na umbo la yai. Namwuliza, anasema litanyooka lenyewe likizoea barabara.

BintiPedali:
@MwanaBagamoyo 🤣🤣 limeshazoea?

MwanaBagamoyo:
Limezoea kula pedi za breki.

Boda_Mstaafu:
Nyie wa baiskeli mna raha. Mimi fundi wa pikipiki kanibadilishia cheni, kaniuzia tena ile ile ya zamani kaiosha na petroli.

MzeeWaPancha:
@Boda_Mstaafu weka uzi wako mkuu, hiyo ni kesi ya polisi kabisa.

Kanyaga_Twende:
Jamani, ringi yangu…

Spoku_Mbovu:
Picha kwanza.

Gia_Kumi:
Tukiwa hapa hapa, nani ana pampu ya mguu yenye geji aniazime Jumamosi?

MwanaBagamoyo:
@Gia_Kumi wewe? Ya kwangu uliyochukua kabla ya Ramadhani iko wapi?