Naomba ushauri: kumpeleka mama mwenye goti bovu katika meli ndogo, Split hadi Dubrovnik

Binti wa Tanga (mwanzisha uzi)

Salaam kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo. Mimi ni muuguzi, ninaishi Hamburg kwa mwaka wa 11 sasa, na mwakani Mungu akipenda mama yangu atakuja kunitembelea kutoka Tanga kwa wiki sita. Ametimiza miaka 67, ana shinikizo la damu linalodhibitiwa kwa dawa, na goti lake la kulia limechakaa kiasi kwamba akipanda ngazi hutanguliza mguu mzima kisha akauvuta ule mbovu. Tangu utoto wangu hunisimulia safari moja tu ya baharini aliyowahi kusafiri: jahazi la usiku kutoka Tanga kwenda Wete, yeye akiwa msichana, amekaa juu ya magunia huku bibi yake amemshika upindo wa kanga. Hajapanda chombo kingine tangu siku ile, na kila akiisimulia safari hiyo sauti yake hubadilika. Nataka nimrudishe baharini, walau kwa wiki moja, kabla goti halijamfungia ndani kabisa.

Meli kubwa ya abiria elfu tatu haimfai, kwa sababu bahari yenyewe angeiona kwa mbali kama mtu aliye ghorofani. Nimekuwa nikitazama meli ndogo za Kroatia zinazochukua abiria 30 hadi 40 na kupita visiwani kutoka Split hadi Dubrovnik kwa siku saba. Nimeona pia safari za visiwa vya Cyclades, Ugiriki, na vyombo vya mbao vya Uturuki vinavyoitwa gulet. Naomba waliowahi kusafiri huko waniambie ukweli: je, mtu wa goti kama hili ataweza? Atalewa bahari? Chakula kitamfaa Mwislamu asiyekula nje ya halali? Na viza yake itatosha? Tarehe bado hatujazifunga, hivyo naweza kuchagua mwezi.

Msafiri wa Kilindini

Dada, hongera kwa nia hiyo. Nilisafiri njia hiyohiyo mwezi wa Septemba, miaka miwili iliyopita, nikiwa na baba mkwe wangu mwenye miaka 71 na fimbo yake, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo ningependa kuelezwa mimi kabla sijalipa.

Bahari haikutusumbua. Kilichotusumbua ni kushuka. Bandari za visiwa vile ni ndogo, nazo meli za namna hii ni nyingi, basi jioni hufungwa ubavu kwa ubavu: ya kwanza hushika gati, ya pili huifunga ya kwanza, ya tatu huifunga ya pili. Usiku wa kisiwa cha Korčula sisi tulikuwa wa nne. Ili tufike nchi kavu tulilazimika kuvuka meli tatu za watu wengine kupitia upenyo wa ukingo wa kila meli, na sitaha zile hazilingani kimo. Moja iko juu kwa kiasi cha kidato cha ngazi, inayofuata iko chini zaidi. Katikati kuna uwazi wa shibiri mbili hivi, maji meusi chini yake, na maboya ya mpira yanalia kila meli zinaposogeleana. Baharia kijana alimshika mzee kiwiko akamhesabia, moja, mbili, vuka. Alivuka. Ila alipofika upande wa pili jasho lilikuwa linamtoka, na usiku uliofuata hakutaka tena kushuka.

Sasa unganisha jambo hilo na chakula. Safari nyingi za njia hii bei yake ni pamoja na kifungua kinywa na chakula cha mchana, wakati cha jioni kila mtu hujitafutia mjini. Maana yake mama atalazimika kuvuka meli za wenzake kila usiku ili apate kula, kwenda na kurudi, gizani. Waulize mapema kama kuna chakula cha jioni melini hata kwa malipo ya ziada, na kama hakuna, nunueni mkate, jibini, nyanya na matunda sokoni mchana. Sisi tulikula hivyo usiku mbili juu ya sitaha, na mzee mpaka leo anasema ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote.

Jambo la pili ni chumba. Vyumba vya bei ndogo viko chini, karibu na injini, na ngazi yake ni nyembamba na imesimama kama ya dari. Lipa zaidi upate chumba cha sitaha kuu, kilicho kimo kimoja na chumba cha kulia. Halafu uliza kizingiti cha mlango wa bafu kina kimo gani. Ukiwauliza watapima.

Nenda na fedha taslimu za euro. Hesabu ya vinywaji hulipwa siku ya mwisho, mara nyingi pamoja na kodi ya watalii, na si kila meli ina mashine ya kadi.

Baharia Mstaafu, Mombasa

Binti yangu, nimefanya kazi katika meli za mizigo ndani ya Mediterania kwa miaka mingi, nami nitajibu la bahari na la upepo.

Sisi tuna kaskazi na kusi, na wenzetu wa pwani ya Dalmatia wana pepo zao. Wakati wa joto, siku za hali nzuri, mchana huvuma maestral kutoka kaskazini-magharibi. Huo ni upepo wa jua, huanza kabla ya adhuhuri na kufa jioni, wala hauna madhara. Jugo hutoka kusini-mashariki, huja na mawingu na unyevu, na kwa kuwa huvuma kwa kufuata urefu wa Bahari ya Adria, hujenga mawimbi marefu. Bura hushuka milimani kutoka kaskazini-mashariki, kavu na wa ghafla, na nguvu zake kubwa ni za miezi ya baridi. Uzuri wa njia unayoitaka ni kwamba visiwa vya Brač, Hvar, Korčula na rasi ya Pelješac hulala kama kuta na kuvunja wimbi. Sehemu iliyo wazi ni kwenda kisiwa cha Vis, na huko nahodha akiona hali si njema atabadilisha njia. Hiyo ni haki yake, msimlaumu.

Cyclades ni habari nyingine. Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo hata feri zikazuiwa kuondoka, na visiwa vile vimetengana, hakuna pa kujificha. Kwa mtu aliyepanda jahazi mara moja tu maishani, usimpeleke huko katika miezi hiyo.

Kulewa bahari kunazuilika kwa kuwahi. Tembe inamezwa kabla meli haijang'oa nanga, kwa kuwa aliyekwisha kutapika hataibakiza tumboni. Kwanza muulize daktari wake, kwa sababu ya dawa za shinikizo. Mkalishe katikati ya meli, si omoni (mbele) wala shetrini (nyuma), atazame upeo wa bahari, asisome wala asichezee simu. Asikae na tumbo tupu. Tangawizi ya kutafuna huwasaidia wengi.

Binti wa Tanga

Shikamoo mzee wangu, nashukuru sana. Ndugu wa Kilindini, hilo la kuvuka meli tatu hakuna tangazo hata moja lililonionyesha. Nimelisoma mara mbili, na sasa naogopa kidogo. Je, hizo gulet za Uturuki zina shida hiyo?

Mke wa Makunduchi, Maskati

Mwanangu, sisi tulikodi gulet nzima, watu kumi wa familia moja, kutoka Fethiye. Kwa upande wa chakula na stara hakuna pa kulinganisha: mpishi alikuwa Mwislamu, samaki, biringani, zeituni na mtindi kila siku, na kwa kuwa chombo kilikuwa chetu peke yetu, wanawake tuliingia majini na mavazi yetu kamili bila macho ya mtu, tukasali jamaa juu ya sitaha. Pwani ile ina ghuba nyingi zilizofunikwa na milima ya misonobari, na maji yake yametulia kama ya birika.

Lakini kwa goti nakuonya. Gulet hailali gatini kila usiku. Hutia nanga ndani ya ghuba, shetri ikafungwa kwa kamba kwenye mti au jiwe la ufukweni, na kushuka ni kwa ngazi ya ubavuni mpaka ndani ya mashua ndogo ya mpira inayochezacheza. Dada yangu, ambaye magoti yake si mabovu kama ya mama yako, alishuka mara moja katika siku saba. Aliridhika na kukaa chomboni, ila wewe umjue mama yako kama ataridhika.

Kuhusu Kroatia, mdogo wangu alikwenda. Waandikieni mapema kwamba mama hali nguruwe wala chakula kilichotiwa divai, maana nyama kavu ya paja la nguruwe huwekwa mezani kama sisi tunavyoweka achari. Samaki hawakosekani, na kuna wali mweusi unaopikwa kwa wino wa ngisi, ambao mtu wa Tanga ataufurahia akishazoea rangi yake. Nao pia muulizie divai, wengi huutia.

Karani wa Viza

Nitajibu la nyaraka peke yake. Kroatia iliingia eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuanza kutumia euro tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo viza ya Schengen atakayopewa mama kwa ajili ya Ujerumani inamtosha kwenda Split na kurudi. Kwa kuwa atakaa siku nyingi zaidi Ujerumani, maombi yanapelekwa kwa Wajerumani, wala si kwa Wakroatia. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Msiache mpaka siku 15 za mwisho, ambazo ndizo kikomo.

Angalieni sana meli zinazoendelea kusini hadi Kotor. Kotor iko Montenegro, nje ya Schengen, na mwenye viza ya kuingia mara moja akishuka pale amekwisha kutoka. Kurudi Dubrovnik hataruhusiwa. Uturuki ni vivyo hivyo. Ombeni viza ya kuingia zaidi ya mara moja, na kama hamkupewa, chagueni meli isiyotoka nje ya Kroatia. Bima nayo isomeni kwa makini kama inalipia maradhi ambayo mgonjwa alikuwa nayo kabla, kwa sababu shinikizo la damu huhesabiwa humo.

Mjukuu wa Lamu

Kwa heshima zote, mimi naona mnamtesa mama wa watu. Meli kubwa ina lifti, ina daktari, ina vyumba vilivyotengenezwa kwa wasioweza kutembea vizuri, na mtikisiko wake ni mdogo. Mnachomtafutia katika meli ndogo ni nini hasa?

Msafiri wa Kilindini

Ndugu yangu, una hoja, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu ningekuunga mkono bila kusita. Lakini meli kubwa nazo hazifiki gatini kila mahali. Santorini, Ugiriki, kwa mfano, abiria huteremshwa kwa mashua, kisha kutoka gati la zamani hadi mjini ni gari la kamba au ngazi zinazokaribia 600. Na bandari kama Hvar au Pomena ya kisiwa cha Mljet, ambako meli ndogo inakushusha hatua chache kutoka uwanjani au msituni, wao huziona kwa mbali au hawazioni kabisa.

Dada, nikuongezee mahali ambapo goti litapumzika. Split barabara ya ufukweni ni tambarare, nalo kasri la Diocletian, mfalme wa Warumi, lililojengwa karibu na mwaka 305, linaingilika kwa usawa wa ardhi. Hvar uwanja mkubwa ni wa kukaa na kutazama. Ngome iliyo juu iacheni. Mljet mtafurahi kuliko kote: njia ya kando ya ziwa haina milima, na mashua inawapeleka hadi kisiwa kidogo chenye monasteri ya Wabenedikti. Dubrovnik meli hulala bandari ya Gruž, yapata kilomita tatu kutoka mji mkongwe, na basi lipo. Kuta zake zina urefu wa mita 1,940 na vidato visivyohesabika, msizipande. Tembeeni Stradun, barabara kuu ya mji mkongwe, ila viatu viwe na soli inayoshika, kwa kuwa mawe yale yamesuguliwa na nyayo hadi yanang'aa na yanateleza hata yakiwa makavu.

Binti wa Tanga

Nimerudi na majibu. Nimeandikia kampuni tatu maswali yaleyale: chumba kiko sitaha gani, kizingiti kina sentimita ngapi, chakula cha jioni kipo, na usiku ngapi meli hufungwa ubavuni mwa nyingine. Moja haikujibu. Moja ilinitumia tena kijitabu chake cha matangazo. Ya tatu ilinipigia simu, na bibi aliyezungumza nami alikwenda na rula hadi bafuni nikiwa namsikia: sentimita 14. Hakuniahidi gati kila usiku, alisema hakuna anayeweza kuahidi hilo, lakini alinieleza kwamba katikati ya Mei meli ni chache kuliko Septemba, hivyo mara nyingi wao hushika gati wenyewe, na kwamba usiku tatu kuna chakula cha jioni melini. Maji yatakuwa baridi kwa kuogelea, jambo ambalo kwa mama halina uzito. Safari inaanza Split na kuishia Dubrovnik, Kotor haimo. Nimeweka malipo ya awali.

Jana nilimweleza mama kwa simu. Nilianza na goti, vizingiti na tembe, akanikatiza. Aliuliza jambo moja tu: usiku, watu wakishalala, abiria anaruhusiwa kukaa nje juu ya sitaha? Naomba mwenye kujua anijibu, nimwambie leo.

Msafiri wa Kilindini

Anaruhusiwa. Baba mkwe wangu alikaa mpaka saa saba usiku pale Pomena, na baharia wa zamu alimletea chai na blanketi bila kuombwa. Mei usiku una ubaridi, mfungie sweta na kanga mbili.