Naomba ushauri: punda ana kidonda begani, mwenyewe anamtaka Jumatatu

Habarini ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Niko Malindi, nina punda jike hapa nyumbani leo siku ya 9, si wangu, ni wa kijana wa mtaani anayeuza maji kwa mkokoteni. Nilimkuta ameanguka na madumu yote, bado anachapwa, nikashindwa kupita, nikamuomba yule kijana anipe nimuuguze.

Kidonda kiko begani pale kamba ya nailoni inaposugua, upana wa kiganja, siku ya kwanza kilikuwa kinatoa usaha na nzi wamejaa. Namuosha na maji ya chumvi ya vuguvugu asubuhi na jioni, daktari wa mifugo alikuja mara moja akamchoma antibayotiki na ya pepopunda maana hao punda na farasi pepopunda inawaua kweli. Sasa anakula vizuri, hata nikifungua geti ananiitikia, lakini tangu juzi kuna nyama nyekundu inaota imepita ngozi, ukiigusa inatoka damu.

Sheria ya ukatili kwa wanyama ipo ila kumshtaki sitaki, ana watoto na punda ndiyo riziki yake, nataka abadilike tu.

Naomba kujua, hiyo nyama inayoota niiache au lazima daktari aikate? Na mkanda wa kuvutia mkokoteni usiochubua mnautengeneza na nini, gunia, blanketi au mpira, na upite kifuani sehemu gani? Nikiupata nitampa yeye bure.