Ulinganisho: kulipia maelezo ya wakaguzi wa komiki, kudai picha, au kununua zile tu ambazo maelezo yake ni bure?

Komiki_Mwanjelwa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, hasa mlioko huku Nyanda za Juu Kusini.

Swali hili linanifuata inbox kila mara: mtu kaona komiki (kitabu cha hadithi za picha) ya zamani inauzwa mtandaoni, tayari imepangiwa daraja, namba ya cheti ipo, ila akitaka kusoma maelezo ya wakaguzi anaambiwa alipie. Alipe au asilipe? Tulijadili hapa mara moja, wengine wakija wasome.

Kwa wageni kwanza. Komiki hupelekwa kwenye kampuni ya kupanga madaraja. Inayojulikana zaidi ni CGC ya Sarasota, Florida, iliyoanza mwaka 2000. Wakaguzi wanaipitia, wanaipa daraja kati ya 0.5 na 10.0, kisha inafungiwa kwenye kasha gumu la plastiki. Ukivunja kasha, daraja limekufa. Kwenye lebo utaona daraja, hali ya kurasa kama ni nyeupe au zimeanza kuwa rangi ya krimu, na jambo kubwa kama ukarabati. Kilichoishusha kutoka 10.0 mpaka 6.0 lebo haikwambii. Hicho kiko kwenye maelezo ya wakaguzi, mistari michache ya mkato: mkunjo kona ya juu kushoto, doa nyuma, pini zina kutu.

Kampuni nyingine huyaweka wazi, unaingiza namba ya cheti unasoma. CBCS, iliyoanza 2014, ilijitangaza kwa hilo. Kwingine kumewahi kuwa na ada kwa kila kitabu.

Msimamo wangu: nalipia pale tu daraja linapokuwa la katikati, tuseme 4.0 hadi 8.5, na kitabu ni cha zamani. Komiki mbili zote 6.0 zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja ina mkunjo mmoja mrefu kwenye jalada, imekaa hivyo tangu miaka ya 70 na itabaki hivyo. Nyingine iliwahi kulowa maji. Bei ni ileile. Mimi ya maji siitaki, na bila maelezo siwezi kuitambua nikiwa Mbeya na yenyewe iko Ohio.

Karibuni.

---

Dada_Gangilonga

Mkuu nakuheshimu ila hapa tunatofautiana. Kabla ya kulipa ada yoyote, dai picha. Picha ni bure, na zinakuonyesha kitu chenyewe, si mtu anavyokisimulia.

Ila uzijue picha za kudai. Muuzaji akikutumia moja ya mbele iliyopigwa kwa mwanga wa flashi, hujaona kitu, plastiki inang'aa inaficha kila kasoro. Mwambie azime flashi, asogee dirishani, alaze kasha kidogo ili mwanga uingie kwa ubavu. Hapo ndipo mistari ya mgongo inajitokeza yenyewe. Dai hizi: mgongo wote kutoka juu mpaka chini, kona nne, pini zote mbili kwa karibu, na jalada la nyuma. La nyuma watu wanalisahau, na ndiko madoa yanakokaa.

Akikataa kupiga, mimi naachana naye hapohapo. Muuzaji wa kweli hashindwi dakika tano.

---

Komiki_Mwanjelwa

Dada, picha nazikubali, na huo mwanga wa ubavu ni somo zuri. Lakini kasha halifunguliki. Kurasa za ndani utapigaje? Mkaguzi alikifungua kitabu kabla hakijafungiwa, akakipitia kurasa zote. Ukurasa wa katikati uliochomoka kwenye pini, mchano wa ndani, kalamu ya mtoto kwenye ukurasa wa nane, hivyo havionekani kwa picha yoyote.

Mfano mmoja: komiki za Marvel za 1974 hadi 1976 nyingi zilikuwa na stempu ndogo za kukata na kukusanya, zimechapwa ndani ya kitabu. Watoto walizikata kweli. Jalada linaweza kuwa safi kabisa na ndani kuna tundu la mkasi. Kasoro kubwa hivyo kwa kawaida itatajwa hata kwenye lebo, lakini uharibifu mdogo wa ndani unaishia kwenye maelezo.

---

Mbozi_Kahawa

Sina komiki nyingi, ila niko kwenye kahawa na naona jambo ni lilelile. Mnunuzi akiniambia kahawa yangu ni AA, amenipa ukubwa wa punje, basi. Ladha nitaijua kwenye taarifa ya waonjaji: ina uchachu mzuri, au ina harufu ya udongo kwa sababu ilianikwa vibaya. Bei tunabishania kwenye ile taarifa, si kwenye zile herufi mbili. Ningelipia.

---

Rungwe_Juu

Naomba niongeze kitu ambacho watu wa Dar hawakifikirii. Sisi wa Tukuyu tunaishi kwenye mvua. Karatasi ya komiki za zamani ni ileile ya magazeti, ina tindikali yake ndani, inageuka njano hata ukiiacha kabatini. Ongeza unyevu wa huku na pini za chuma, kutu inatambaa kutoka kwenye pini kuingia kwenye karatasi.

Kwa hiyo kwangu maelezo yakitaja kutu kwenye pini, hata kidogo, ni taarifa muhimu kuliko daraja lenyewe. Kasha la plastiki halizuii hewa yote, nyingine inapita. Kutu iliyoanza Marekani itaendelea Rungwe, tena kwa kasi. Hapo ada inajilipa, maana usipojua unanunua ugonjwa. Mkunjo wala haunisumbui, haukui.

Na ukishanunua, weka kwenye sanduku lenye vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, juu kabatini, mbali na ukuta wa nje.

---

Kijana_Uyole

Kaka zangu, shikamooni. Mimi nimeona 9.8 nzuri sana, nataka kujipanga. Nilipie maelezo yake?

---

Komiki_Mwanjelwa

Marahaba mdogo wangu. 9.8, hapana. Vitabu vya daraja hilo mara nyingi havina maelezo yoyote, kwa sababu hakuna cha kuandika. Unaweza kulipa ukakuta patupu. Hela hiyo ongezea kwenye nauli ya mzigo.

Halafu piga hesabu ya uwiano kabla ya kulipa popote. Tuseme ada ni dola 5. Kwenye kitabu cha dola 40 umelipa moja ya nane ya bei kabla hujanunua. Kwenye cha dola 400 ni kidogo mno, lipa ulale usingizi.

Kuna sababu moja zaidi ambayo ndiyo huwafanya wafanyabiashara wenzetu wa nje wayatafute sana maelezo haya: kupiga pasi. Kuna mafundi wanaonyoosha komiki kwa joto, unyevu na mgandamizo, kisha inapelekwa tena kupangiwa daraja. Sasa mkunjo uko wa aina mbili. Ule uliopinda karatasi tu, wino uko mzima, unanyooka. Ule uliokata rangi mpaka ukaona mstari mweupe wa karatasi, huo haurudi, fundi awe nani. Maelezo ya wakaguzi kwa kawaida yanataja kama rangi imekatika. 8.0 yenye mipindo isiyokata rangi inaweza kupanda. 8.0 yenye mistari iliyokata rangi itabaki 8.0. Neno hilo moja kwenye maelezo linaweza kuwa na thamani kuliko kitabu kingine kizima.

---

Dada_Gangilonga

Kwa hilo la rangi nakubali, ingawa mstari mweupe hata picha ya ubavu inauonyesha kama jalada ni jeusi au jekundu. Kwenye jalada jeupe ndiyo unakwama.

Niongeze la kwetu. Kuna komiki za zamani zilizopitia Uingereza. Ukikuta bei kwa shilingi na peni za Kiingereza, hiyo ni ya kabla ya Februari 1971 walipobadili fedha yao. Nyingine zina bei ya Marekani na muhuri wa wino wa msambazaji juu yake. Usidhani muhuri ni uchafu, ukaiacha. Ni alama ya njia iliyopita. Soma maelezo uone kama mkaguzi ameuhesabu kasoro, au daraja limeshushwa na kitu kingine.

---

Fundi_Makambako

Tahadhari kidogo. Kuna wauzaji wanakutumia picha ya skrini ya maelezo, wanasema "nimeshakulipia". Usikubali. Chukua namba ya cheti, ingia mwenyewe kwenye ukurasa wa uhakiki wa kampuni husika, linganisha na lebo: jina, toleo, mwaka, daraja. Picha ya skrini mtu anaitengeneza kwa simu dakika mbili. Na ukiwa kwenye ukurasa huo utaona hapohapo kama maelezo ni ya bure, kabla ya kutoa kadi.

---

Kijana_Uyole

Asanteni sana. Ile 9.8 nimeiweka pembeni. Muuzaji huyohuyo ana 7.5 ya 1973, jalada jeupe. Nimeingiza namba, maelezo yametoka bure: mistari mingi kwenye mgongo, imekata rangi, na kutu kidogo pini ya chini.

---

Rungwe_Juu

Achana nayo mdogo wangu.

---

Komiki_Mwanjelwa

Naunga mkono. Na ukipata nyingine weka namba hapa tuitazame pamoja kabla hujatuma hela.