Tupeane uzoefu: steringi uliyemzoea akibadilishwa na picha ikaanza moja, ulimpokea au uligoma?

Mleta mada

Wakuu kwema? Kuna jambo linanikera kwenye hizi muvi za supahiro, kila baada ya miaka kadhaa wanafuta kila kitu wanaanza moja, steringi mpya, demu mpya, shangazi mpya, halafu sisi watazamaji tujifanye wale wa mwanzo hawakuwepo. Superman wa 2025 ni David Corenswet, kabla yake Henry Cavill 2013, kabla yake Brandon Routh 2006, na wazee wetu wao wanamjua Christopher Reeve wa 1978. Spider-Man ndo usiseme, ndani ya miaka 15 tumepewa watatu, Tobey Maguire 2002, Andrew Garfield 2012, na Tom Holland ambaye walimchomeka kwanza kwenye picha ya Captain America 2016 ndo akapewa ya kwake 2017.

Sasa huko mitandaoni wazungu wanabishana nani mkali wakianzia wa kwanza mpaka wa mwisho, utadhani kila mtu aliziona kwa foleni. Sisi wa Dodoma foleni hiyo tulipanga lini? Uliona kilichoingia library ya kukodisha muvi wiki hiyo basi. Unaanza na pati tu, pati wani unaipata baada ya mwaka, ya katikati ilikwaruzika haichezi. Ndo maana mimi msimamo wangu ni mmoja, steringi wako ni yule uliyeanza kumwona wewe, haijalishi alitoka mwaka gani, anayefuata kwako ni feki hata aigize vipi.

Mi nilianzia kibanda umiza kimoja cha Chang'ombe, mabenchi ya mbao, blanketi dirishani, tivii imefungiwa ndani ya kabati la nondo. Ile ya Tobey ya 2004, pale anaposimamisha treni kwa utando, nguo imechanika kifuani, anazimia, abiria wanampokea wanampitisha juu kwa juu mikononi mpaka nyuma, kinyago hana, wote wanaiona sura yake na wanashangaa kumbe ni dogo tu. Kibanda kile kilikuwa na kelele za kila aina ila pale hata waliokuwa wanadaiana kiingilio walinyamaza. Sasa mtu ameona vile halafu 2012 unamletea Garfield, nywele zimesimama, anatembelea skateboard shuleni, mzuri, anajibu walimu! Peter Parker, yule dogo nyuma ya kinyago cha Spider-Man, gani ana swaga zile? Niligoma trela haijaisha.

Haya wewe je, ulianza na nani, uliona wapi, na alipokuja mpya ilikuwaje. Matusi hapana.

Mdau wa Majengo

Mkuu umenikumbusha mbali. Mi nimeuza library miaka hiyo, ile ya Garfield ilivyoingia bosi alichukua makapeni akaandika juu ya diski SPIDER MAN 4 basi ikaisha hiyo, ikakodishwa wiki nzima. Kesho yake mteja karudi mkali, mbona mjomba anauawa tena wakati alishakufa pati wani? Bosi hata hakutikisika, akamwambia yule wa kwanza alikuwa mjomba wa upande wa baba, huyu ni wa upande wa mama. Jamaa akaondoka ameridhika 🤣🤣

Na zile dividii za kumi kwa moja je, kavani Superman, Batman na Van Damme wamekumbatiana, ukiweka unakuta picha ya Kichina.

Mdau wa Chuo, UDOM

Mleta mada tuheshimiane. Mi nimeanza na huyo huyo Garfield, nilikuwa darasa la sita, imetafsiriwa, nikampenda mpaka basi. Baadaye sana ndo napewa ya Tobey kwenye flashi naona utando unatoka kwenye nyama ya mkono, aisee nilisikia kinyaa. Kwenye vitabu vya katuni vyenyewe, tangu Stan Lee na Steve Ditko walipomtoa 1962, kile kifaa cha kurushia utando anakitengeneza mwenyewe kwa akili zake, kwa hiyo aliyefuata asili ni Garfield, wenu ndo walimbadilisha.

Mleta mada

Dogo umeandika kwa hasira lakini umeniunga mkono. Ulianza na yeye, ndo wako.

Mdau wa Ilazo

Watu mnajadili mapenzi, wenzenu wanajadili mkataba. Sony walinunua haki za kumtengenezea picha Spider-Man mwishoni mwa miaka ya 90, na wakikaa muda fulani bila kutoa nyingine haki zinarudi kwa Marvel, wenye katuni zenyewe. Sam Raimi aliyetengeneza zile tatu za Tobey alikuwa anaandaa ya nne, mambo hayakukaa sawa, mwanzoni mwa 2010 ikavunjwa. Studio ingefanyaje, ikae? Wakamrudisha mtoto shule na steringi mpya. Mnaona ni ubunifu kumbe ni saa inahesabu.

Ni viwanja vyetu hivi hivi vya hapa mjini, unapewa na masharti ya kuendeleza, usipojenga unanyang'anywa, basi unamkuta mtu kapanga tofali kozi tatu na rundo la mchanga ili akija mkaguzi aone kuna kitu kinaendelea. Fantastic Four, wale supahiro wanne, ya mwanzo kabisa, ile ya 1994 ya Roger Corman, ilikuwa tofali kozi tatu. Waliitengeneza kwa bajeti ya kuokoteza, waigizaji wakajituma masikini ya Mungu, na haikuwahi kutolewa rasmi hata siku moja. Zikaja 2005, 2015, na hii ya 2025 ya Pedro Pascal ambapo Marvel wenyewe ndo wameishika, na walau wamekuwa na adabu ya kutotuonyesha tena kwa kirefu jinsi walivyopata nguvu huko angani. Kwa hiyo mtu akiniambia picha imeanza upya swali langu la kwanza ni haki zilikuwa zinaisha lini, baada ya hapo ndo namwangalia steringi.

Mdau wa Nkuhungu

Hiyo Fantastic Four ya 2005 yule anayewaka moto ni Chris Evans, halafu 2011 huyo huyo kawa Captain America. Mdogo wangu aliziona kwa kugeuza, Captain kwanza. Siku naweka ile nyingine alinisumbua saa nzima, kaka mbona Captain anaungua, kaka ngao yake iko wapi, kaka wamzimishe.

Dada wa Kondoa

Hahaha jamani. Mimi niwape ya bibi yangu. Bibi Kiingereza hajui ila picha anaelewa kuliko sisi. Nilimwekea Superman ya Cavill, ikafika pale baba mlezi anakufa kwenye kimbunga, mzee amebaki kwenye gari anamwokoa mbwa, kijana anataka kwenda, mzee ananyoosha mkono kumzuia asije watu wakajua siri yake, kinamchukua. Bibi akaniambia simamisha. Akauliza, huyu kijana si anaruka? Nikamwambia bibi anaruka. Ana nguvu? Anazo. Na chamchela inamchukua baba yake yeye amesimama? Nikajaribu kumweleza habari ya siri, akasema siri gani inayozidi baba, hakutaka kuendelea, na mimi mpaka leo sina jibu la kumpa.

Sasa hii ya 2025 nikamwekea kwa kumtega. Baba yupo hai, mshamba kabisa, mnene, anaongea kwa shida huku machozi yanamlenga, anamwambia mwanae kwamba wazazi hawampangii mtoto awe nani, matendo yako ndo yatakayosema. Bibi akasema haya huyu amelelewa. Kwa hiyo mleta mada hiyo sheria yako ya wa kwanza kwa bibi imegonga mwamba. Alianza na Cavill, akamfukuza.

Mdau wa Kongwa

Mi hiyo ya 2025 walinipoteza kwa kindi. Jitu limeingia mjini, maghorofa yanadondoka, Superman anashuka anakimbiza kindi asikanyagwe. Kindi!! Wanaosifia pale hawajawahi kulima karanga. Njoo msimu wa kupanda uone anavyofukua mbegu shimo kwa shimo, kisha uniambie wa kuokolewa ni nani.

Mdau wa Kisasa

Mkuu wa Kongwa 🤣 mwanangu ana miaka tisa, sehemu aliyoshangilia ndo hiyo hiyo. Julai ile 2025 tulipanda SGR tukashuka Dar tukaiona Mlimani City, skrini kubwa, dogo hajawahi kuona kitu cha ukubwa ule. Mimi ni wa enzi za sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, steringi kwangu anapigwa katikati, anauguzwa, anarudi kulipa kisasi. Hii inaanza tu, dakika ya kwanza, steringi anadondoka barafuni, damu mdomoni, ameshapigwa! Anapiga mluzi, anakuja mbwa kavaa joho jekundu, badala ya kumsaidia anamrukia rukia anazidi kumuumiza. Nikasema nimeliwa nauli hapa. Dogo anacheka mpaka anapaliwa. Kwake Superman ndo huyu, Cavill nikimwonyesha kwenye simu anauliza mbona amenuna.

Nilichokipenda, hawakurudia sayari kulipuka. Maandishi mafupi mwanzoni, kazi ikaanza. Kila mtu anajua alitokea wapi jamani.

Mdau wa Singida

Bora wangemwambia hivo Batman. Kila akianza upya mama anapigwa risasi uchochoroni, lulu zinadondoka moja moja. Ile ya Pattinson 2022 walipoacha kutuonyesha nilipiga makofi.

Mdau wa Makulu

Mleta mada hujajibu kitu kimoja. Desemba 2021 walipowaweka wote watatu kwenye No Way Home wewe uliyemgomea Garfield ulikuwa wapi? Maana kwenye ile yake ya 2014 demu wake Gwen alidondoka, utando ukamfikia akiwa ameshachelewa, kafa. Sasa huku demu wa Holland anadondoka kutoka juu, anayemrukia ni Garfield, anamdaka, wanatua, anamuuliza uko salama, halafu yeye ndo uso unaanza kutetemeka. Tuliangalia kwenye laptopu geto, wanaume wanne, hakuna aliyemtazama mwenzake. Aliyeanza na Tobey alilia, aliyeanza na Holland alilia.

Mleta mada

Nilikuwepo mkuu. Pale nilimpa heshima yake, nimekubali ni muigizaji kuliko Tobey na Holland wakiunganishwa. Lakini kuigiza ni kitu kingine na wangu ni kitu kingine. Tobey alipoanza kulalamika mgongo unamuuma na Garfield ndo anamnyoosha, mi mwenyewe wangu umeshaanza, hapo utaniambia nihame vipi? Na yule bibi wa Kondoa namtoa kwenye hesabu, yeye ni mwamuzi sio shabiki.

Mdau wa Sabasaba

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mwenye Fantastic Four ya 2025 iliyotafsiriwa anishtue, hapa kuna library wameniwekea kwenye flashi wakaapa ndo mpya kabisa, nafika nyumbani nafungua, Jessica Alba wa ile ya 2005 huyu hapa.